Ukaguzi wa majengo wakati wa mlipuko wa ugonjwa: anza na kitakachofunikwa

Zege halijui kafyu. Kenya ilipopiga marufuku kutoka nje usiku kwa sababu ya COVID-19 kuanzia tarehe 27 Machi 2020, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, wengi waliwaza juu ya matatu na vibanda vya chakula. Kwenye saiti za ujenzi tatizo lilikuwa jingine. Slabu ya ghorofa iliyoanza kumwagwa adhuhuri haimaliziki kabla ya jioni, na ukiikatiza ovyo katikati, zege la leo halishikani vizuri na la kesho. Mkaguzi aliyezoea kufika saa nne asubuhi, akapima nondo, akatia saini na kwenda zake, ghafla akawa yeye ndiye anayekwamisha kazi. Tarehe 6 Aprili Nairobi ikafungwa, na tarehe 8 zikafuata Mombasa, Kwale na Kilifi. Mhandisi wa Nairobi mwenye jengo Nyali, Mombasa, akabaki kuulizia habari zake kwa simu.

Wengi walijifunza kazi upya wakiwa ndani ya dharura, kila ofisi kwa namna yake. Afadhali mbinu hizi zikae mezani kabla ya mlipuko mwingine, kwa sababu milipuko haijakoma: Uganda ilipata Ebola mwaka 2022, mkoa wa Kagera, Tanzania, ukapata Marburg mwaka 2023 na tena 2025.

Jambo la kwanza ni kupanga upya foleni ya maombi. Siku za kawaida ofisi hukagua kwa kufuata nani aliomba kwanza. Wakati wa mlipuko wakaguzi ni wachache, magari ni machache na saa za kazi zimekatwa, kwa hiyo foleni hiyo haifai tena. Uliza swali moja kwa kila ombi: je, nisipokwenda leo, kitu hiki kitafunikwa kisionekane tena? Mtaro wa msingi ukishajazwa zege, hakuna atakayejua ulichimbwa mpaka udongo mgumu au uliishia kwenye kifusi. Nondo za nguzo, za boriti na za slabu ni vivyo hivyo, pamoja na mabomba ya maji taka yanayopita chini ya jamvi. Hizo ndizo safari za kwenda kwa miguu yako mwenyewe. Rangi, milango, vigae, soketi, vyuma vya ngazi na mapaa madogo vinaweza kusubiri au kuonwa kwa video, kwa kuwa hata vikiwa na kasoro, mwezi ujao vitakuwa palepale na kasoro yake.

Wapo watakaosema jengo dogo halina hatari, lipitishwe kwa picha tu. Sikubaliani nao. Nyumba ya chini ya vyumba viwili, sawa. Lakini majengo yanayotuulia watu mara nyingi ni ya ghorofa za kupangisha zilizopandishwa haraka kwenye viwanja vyembamba. Lile la Huruma, Nairobi, lililoanguka usiku wa tarehe 29 Aprili 2016 na kuua watu karibu 50, lilikuwa la ghorofa sita za makazi karibu na mto. Msimu wa mvua za masika na msimu wa karantini ya 2020 viliangukia miezi ile ile, na mtaro uliojaa maji hausubiri wizara itoe mwongozo.

Kafyu ikiwekwa, kagua nondo jioni ya siku ya kabla, si asubuhi ya siku yenyewe. Ukitoa ruhusa saa kumi jioni, mafundi wataanza kumwaga kunapokucha na watamaliza jua likiwa bado juu. Kabla hujatia saini, muulize foromani: mchanganyo wa kwanza unaanza saa ngapi, wa mwisho saa ngapi, na mashine ikiharibika saa nane mchana zege litakatiwa wapi? Mahali pa kukatia paamuliwe na mhandisi mapema, kisha paandikwe. Swali jingine husahaulika: nani atamwagilia slabu maji wiki nzima inayofuata ikiwa vibarua wamerudishwa makwao? Asipokuwepo mtu wa kumwagilia, slabu isimwagwe.

Sasa video, kwa mambo yanayoweza kusubiri na kwa siku ambayo huwezi kabisa kufika saitini. Marekani baadhi ya ofisi za ukaguzi zilikuwa zimeanza kuitumia kabla ya 2020 kwa kazi ndogo, kama kubadilisha hita ya maji, na mwaka huo Baraza la Kimataifa la Kanuni za Ujenzi, ICC, likatoa mwongozo wa ukaguzi wa mbali. Mbinu zake nyingi zinafaa kwetu bila kubadilishwa, kwa sababu simu ni ile ile. Anza barabarani, mbele ya jengo, namba ya kiwanja na bango la mradi vikionekana. Ingia ndani, zunguka kila chumba kwa upande uleule wa mshale wa saa, kutoka chini kwenda juu. Utaratibu huo unachosha, lakini ndio unaokuzuia kuruka kona.

Muhimu kuliko yote, mkaguzi ndiye aongoze. Ukimwacha mkandarasi akutembeze, atakutembeza penye uzuri. Mwambie asimame. Mwambie arudi kwenye nguzo aliyoipita, asogeze kamera mpaka fundo la waya lionekane, ahesabu nondo kwa sauti huku akizigusa moja moja. Tepu ianzie sifuri na sifuri ionekane, kwani tepu iliyoshikwa katikati hukubali urefu wowote unaotakiwa. Lenzi za simu, hasa zile za kuona kwa upana, hupinda mistari, kwa hiyo usiamue kwa macho kama ukuta umesimama wima. Dai timazi ining'inizwe na pima maji iwekwe, kamera ikiwa usawa wa povu. Pwani uangalie zaidi umbali kati ya nondo na mbao. Chumvi ya hewani hula chuma upesi, na kama mchoro unasema milimita 40, nataka kuona vile vipande vidogo vya zege vinavyoitenga nondo na ubao, na tepu pembeni yake.

Udanganyifu nao una mbinu zake. Picha za jengo la jirani, video ya wiki iliyopita, nguzo moja iliyofungwa vizuri ikapigwa kutoka pande nne ionekane kama nguzo nne. Usipokee video zilizorekodiwa kwa hatua yoyote itakayofunikwa. Iwe moja kwa moja, na saa ya kupiga uichague wewe. Mwanzoni mwa simu tamka neno lolote, wakaliandike kwa chaki kwenye ubao na kuliweka kando ya kila nguzo inayoonyeshwa. Picha za kumbukumbu uzipige wewe upande wako, usitegemee kutumiwa baadaye. Chai haikuondolewa na karantini, ilihamia tu kwenye simu, kwa hiyo mazungumzo yote yapitie namba ya ofisi na mafaili yahifadhiwe ofisini.

Mtandao ukikatika kwenye ghorofa ya chini ya ardhi, ukaguzi umekatika. Usiukamilishe kwa kukisia. Gharama ya bando na mtu wa kushika simu imhusu mwenye kazi, na aelezwe hivyo siku ya kuweka miadi, si siku ya ukaguzi.

Kuna mambo kamera haiyawezi kabisa. Haiwezi kugonga plasta ikasikia kama ndani pana uwazi. Haiwezi kutikisa mti wa kuegemeza slabu, wala kubonyeza udongo wa mtaro kwa kidole gumba, wala kunusa waya unaoungua. Ndiyo maana kwenye ripoti usiandike “imekaguliwa” ukaishia hapo. Andika imekaguliwa kwa video, tarehe na saa, nani alishika simu, nini kilionekana na nini hakikuonekana. Mstari huo wa mwisho wengi huuogopa wakidhani unawapunguzia heshima. Mimi nauona ndio utakaokulinda mbele ya hakimu.

Ukilazimika kwenda mwenyewe, kumbuka kwamba mkaguzi ni miongoni mwa watu wachache wanaopita saiti nyingi kwa siku moja. Unaweza kuwa wewe ndiye unayeubeba ugonjwa kutoka saiti hadi saiti. Panga safari zako zianzie kwenye majengo matupu na ziishie kwenye nyumba zenye watu, hospitali ikiwa ya mwisho. Piga simu kabla hujafika ili mafundi watoke, abaki mmoja wa kukuongoza. Mazungumzo yafanyike nje kwenye hewa, kamwe si ndani ya stoo au kontena la ofisi ambamo watu wanne hupumuliana usoni. Beba tepu yako, kalamu yako na kofia yako ngumu. Miwani ikifunikwa na mvuke wa barakoa ukiwa juu ya ngazi, shuka kwanza, futa, kisha upande tena. Kuanguka kutoka ghorofa ya pili hakungoji majibu ya maabara.

Ofisi nayo igawe watu wake makundi mawili yasiyokutana, hata kwa chai. Mmoja akiugua, kundi lake likae karantini na lile jingine liendelee. Ofisi iliyowaweka wote kwenye gari moja la kaunti hufungwa yote kwa mgonjwa mmoja.

Haya ya hewa na barakoa ni ya ugonjwa unaosafiri kwa pumzi. Ebola na Marburg huambukizwa kwa kugusa majimaji ya mwili wa mgonjwa au aliyefariki, kwa hiyo huko jambo kubwa ni nani unamgusa, vifaa gani mnapokezana, na nani saitini ana homa. Kipindupindu kikiingia, macho yaelekee kwenye choo cha vibarua, pipa la maji ya kunywa na mama anayewapikia. Uliza idara ya afya ugonjwa unaenezwaje kabla ya kununua chochote. Nimechoshwa na bunduki za kupima joto zilizowekwa getini kama pambo.

Kazi nyingine inayokuja na mlipuko ni majengo yanayobadilishwa matumizi usiku mmoja. Bweni linakuwa karantini, ukumbi unakuwa wodi. Tarehe 7 Machi 2020, hoteli ya Xinjia mjini Quanzhou, China, iliyokuwa ikitumika kuwaweka watu karantini, ilianguka na kuua watu 29. Jengo hilo lilikuwa limeongezwa ghorofa kinyume cha sheria, na wagonjwa watarajiwa wakalazwa humo. Ukiitwa kupitisha jengo la namna hiyo, dai michoro ya awali na uhesabu ghorofa. Nyufa kwenye nguzo za chini zitakuambia mengi kuliko barua ya mwenye jengo.

Kisha milango. Hapa utapambana na watu wenye nia njema, maana wanaosimamia karantini hupenda kuifunga kwa mnyororo ili watu wasitoroke. Mlango wa dharura ukifungwa kwa kufuli, jengo lisipokee mtu. Wakitaka kuzuia utoro, waweke mlinzi. Na pakiwa na oksijeni, uzito wa suala unaongezeka maradufu: tarehe 24 Aprili 2021 moto ulioanza na mitungi ya oksijeni uliua watu 82 katika hospitali ya Ibn al-Khatib, Baghdad, iliyokuwa ikitibu wagonjwa wa COVID-19. Mitungi isimame imefungwa kwa mnyororo ukutani, mbali na jiko na hita, wodi ipitishe hewa, na viendelezo vya umeme vilivyounganishwa kimoja juu ya kingine viondolewe siku hiyohiyo. Kagua pia dari na kuta za muda zimetengenezwa kwa nini, kwa sababu povu lililofunikwa bati huwaka kwa kasi ya kutisha.

Vizuizi vikiondolewa, usikubali saiti iliyolala miezi mitatu iendelee kutoka pale ilipoishia kana kwamba jana ilikuwa Ijumaa. Nondo zilizoachwa wima zitakuwa na kutu; ile nyembamba isiyobanduka haina neno, ila inayotoka magamba isuguliwe kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane, na kipenyo kipimwe upya. Mitaro ichimbwe tena hadi udongo mkavu. Saruji iliyokaa stoo msimu mzima wa mvua, ukiipata na mabonge yasiyovunjika kwa vidole, itolewe nje ya saiti mbele yako, la sivyo itarudi kwenye plasta ya mtu. Majengo yaliyofungwa yakiwa na maji kwenye mabomba yafunguliwe mabomba yote, maji yaachwe yatiririke kabla watu hawajarudi, na matangi yasafishwe: maji vuguvugu yaliyolala hukuza bakteria wa Legionella, na tangi lisilo na kifuniko Mombasa ni shamba la mbu wa dengi.

Mwisho fungua daftari la vitu vyote ulivyovipitisha kwa video. Vipange kwa uzito, ghorofa za kupangisha zikiwa juu, na uanze kuvizungukia kimoja kimoja kabla hujapokea maombi mapya. Nenda na nyundo ya kupimia ugumu wa zege na kile kifaa cha kutafuta nondo ndani ya ukuta; kama ofisi haina, mhandisi wa mwenye jengo au maabara ya chuo cha ufundi huenda wanavyo. Pale ulipoandika “hakikuonekana”, ndipo pa kuanzia.