INTAVYU IMEKWENDA VIBAYA: KIKUNDI KIFANYE NINI?

Somo la mwezi kwa vikundi vya kujisaidia
Muda: saa moja na nusu. Vifaa: daftari la kikundi, karatasi na kalamu.

LENGO: Kupima pamoja kwa nini kijana wetu amekosa kazi, na kupatana namna ya kumsaidia bila kikundi kuvunjika.

TUTAZAME

Mtu mmoja asome kisa hiki polepole, mara mbili. Ni cha kutungwa, lakini mambo yaliyomo tunayasikia kila mara huku Kisii na Nyamira.

Binti wa kijiji kimoja upande wa Nyamira alimaliza diploma ya maendeleo ya jamii. Kwa miaka minne amekuwa mweka hazina wa kikundi cha akina mama. Ndiye huandika michango ya merigoraundi, mikopo na faini. Shirika moja lisilo la kiserikali lilitangaza kazi ya kuhamasisha vijiji, naye akaitwa kwa intavyu. Wanakikundi walifurahi, wakamchangia nauli ya kwenda Kisii mjini, pesa za cheti cha tabia njema na za viatu.

Aliambiwa afike saa tatu asubuhi. Aliitwa ndani saa nane na nusu. Wakala aliyetumwa na shirika hakuinua hata macho. "Umeolewa? Utazaa lini?" Halafu: "Ninyi ni ukoo gani?" Mwisho: "Una uzoefu wa miaka mingapi?" Binti akajibu, "Sina, ndiyo nimetoka chuo." Dakika saba, basi. "Tutakupigia simu."

Wiki sita zimepita na simu haijalia. Wengine wanasema amekula pesa za kikundi bure. Wengine wanasema kazi zote ni za wenye kujuana. Yeye ameacha kuja mkutanoni, na daftari halijaandikwa.

Mjadiliane wawili wawili, kisha wote pamoja:
1. Ni nini kilimuumiza binti huyu zaidi?
2. Ni yapi yalikuwa makosa ya wakala? Ni yapi binti angeweza kufanya vizuri zaidi?
3. Kikundi kimepoteza nini?

TUPIME

Mkiisha kujibu, mwezeshaji aongeze haya.

Maswali ya ndoa na ukoo. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, inakataza mwajiri kumbagua mfanyakazi, na hata mtu anayeomba kazi tu, kwa sababu ya jinsia, ujauzito, dini, kabila au ulemavu. Shirika la msaada halijasamehewa sheria hii. Mwombaji anaweza kujibu kwa heshima: "Hilo halitanizuia kufanya kazi. Niruhusu nieleze ninayoyaweza." Siku hiyo hiyo aandike alichoulizwa, saa ngapi na mahali gani. Kama kikundi kitaamua kulalamika, karatasi hiyo itapelekwa kwanza kwa wakubwa wa shirika, kisha kwa afisa wa kazi.

Vyeti. Tangu Sheria ya Ajira ilipobadilishwa mwaka 2022, mwajiri hapaswi kudai vyeti vya kibali kabla hajakusudia kumpa mtu mkataba. Kwa hiyo msikimbilie kuchanga pesa za vyeti. Ulizeni kwanza. Na akidai "chai" ili jina lipite, hapo pana hongo. Sheria ya mwaka 2016 inawashika wote wawili, anayetoa na anayepokea.

Neno "Sina". Hapa ndipo somo letu lilipo. Je, ni kweli binti huyu hana uzoefu? Amelinda pesa za watu miaka minne. Amewadai wakubwa wake mikopo bila kugombana nao. Amesoma hesabu mbele ya mkutano. Hiyo ndiyo kazi ya kuhamasisha vijiji! Lakini hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ni kazi, kwa maana hailipwi. Papa Yohane Paulo II, katika barua yake ya mwaka 1981 juu ya kazi ya binadamu, alifundisha kwamba thamani ya kazi inatoka kwanza kwa mtu mwenyewe anayeifanya. Haitoki kwa mshahara. Sisi wenyewe tukiidharau kazi ya kikundi, wakala ataiheshimu vipi?

Aibu. Someni Mathayo 20:1-16. Wale watu walisimama sokoni hadi jioni kwa sababu hakuna aliyewaajiri. Mwenye shamba hakuwaita wavivu. Kukosa kazi si dhambi, na kijana asifanywe mdeni kwa sababu mlango umefungwa.

Pesa za mchango. Katika egesangio ya wazee wetu, watu walilima shamba la kila mmoja kwa zamu. Mvua ikikataa, aliyelimiwa hakudaiwa pesa. Alitoka tu, akaenda kulima kwa mwenzake. Lakini kila mtu alijua mapatano tangu mwanzo. Ugomvi wa kisa chetu ulianza kwa sababu hakuna aliyesema kama pesa zile ni zawadi au mkopo.

TUTENDE

1. Kabla ya kumchangia mtu tena, amueni: ni zawadi au mkopo? Iandikwe kwenye daftari.
2. Kila kijana aandike kazi alizofanya kikundini: cheo, miaka, idadi ya wanachama na jambo moja aliloliweka sawa. Mwenyekiti na katibu watie sahihi barua ya kumshuhudia.
3. Fanyeni intavyu ya mazoezi. Watatu wawe wahoji, mmoja awe mwombaji. Swali la kwanza liwe: "Una uzoefu gani?" Jibu la "Sina" likatazwe.
4. Kama kuna kijana aliyeacha kuja kwa sababu ya aibu, wawili wamtembelee nyumbani wiki hii. Wasianze na habari za pesa. Wamwambie daftari linamngoja.

KWA MKUTANO UJAO: Kila kikundi kilete barua moja ya kumshuhudia kijana wake, isomwe mbele ya wote. Tufunge kwa kuwaombea wote wanaotafuta kazi, na wale wenye mamlaka ya kuwaajiri.