Zima Wimbo Kwanza: Mbinu za Kujaribu Spika za Masikioni na Vifaa Vingine Kabla ya Kutoa Hela

Ingia duka lolote la vifaa vya simu pale Kariakoo, ulizia spika za masikioni zinazozima kelele. Muuzaji ataziunganisha na simu yake, ataweka singeli, atapandisha sauti mpaka mwisho, kisha atakuvisha. "Sikiliza besi hiyo, dada!" Besi ipo kweli. Honi za nje huzisikii. Unaingiza mkono kwenye pochi.

Subiri kwanza. Muziki wa sauti ya juu hufunika kelele hata kwenye spika za bei ya chini kabisa. Ulichosikilizishwa ni wimbo, na ulichokwenda kununua ni utulivu. Mjibu hivi: "Asante kaka, sasa zima wimbo, halafu niwashie feni."

Hiyo ndiyo kanuni ya makala haya yote: kifaa kijaribiwe kwa kazi ile ile inayokifanya kiwe ghali. Tuanze na spika, kisha tupite kwenye pawabenki, saa janja na vinginevyo.

Kelele ipi inazimika?

Wazo la kuzima kelele ni la zamani. Mjerumani Paul Lueg alipata hataza ya Marekani mwaka 1936 kwa njia ya kufuta sauti kwa sauti. Wimbi la sauti lina vilele na mabonde. Ukilipigia wimbi jingine linalofanana nalo lakini limepinduliwa, kilele cha moja huangukia kwenye bonde la jingine na yote mawili hufifia. Vifaa vya wakati huo havikuweza kuifanya kazi hiyo vizuri. Mwaka 1978 Amar Bose, profesa wa chuo cha MIT, alikuwa ndani ya ndege akirudi Marekani kutoka Ulaya. Mngurumo wa injini ulimharibia muziki kwenye hedifoni alizopewa, akaanza kupiga hesabu humo humo safarini. Kampuni yake ilileta sokoni hedifoni za marubani mwaka 1989.

Teknolojia hii ilikuzwa kwa ajili ya ndege, na mpaka leo adui inayemmudu ni mngurumo: sauti nzito isiyobadilika. Maikrofoni ndogo husikia kelele, na kichakataji hutengeneza wimbi lililopinduliwa papo hapo. Sauti nzito ya hezi 100 ina wimbi lenye urefu wa mita 3.4 hivi, kwa hiyo kuchelewa kidogo hakudhuru. Sauti kali ya hezi 3,000 ina wimbi la sentimita 11 tu. Hapo ukichelewa kidogo, kilele hukutana na kilele na kelele inazidi. Ndiyo maana sauti kali huachiwa kipira kinachoziba tundu la sikio.

Kwa hiyo usidanganyike wala usitegemee miujiza. Zitapungua sana sauti za injini ya basi la Arusha, kiyoyozi cha ofisini, pangaboi, kivuko cha Kigamboni na jenereta la jirani. Hazitaisha sauti za konda anayeita abiria, mtoto anayelia, sufuria jikoni, honi na vipaza sauti vya mtaani. Kama kinachokukosesha usingizi ni majirani wanaozungumza dirishani, vipira vinavyoziba vizuri vitakusaidia kuliko herufi zozote kwenye boksi.

Na herufi zenyewe zisome vizuri. ANC ndiyo inayozima kelele masikioni mwako. ENC ni kitu kingine kabisa: husafisha sauti yako unapopiga simu, ili aliye upande wa pili akusikie bila makelele ya barabarani. Wewe mwenyewe huambulii utulivu wowote. Spika nyingi za bei nafuu zina ENC peke yake, na maandishi ya kuzima kelele yameandikwa kwa ukubwa juu ya boksi. Muulize muuzaji moja kwa moja: "Hii ina ANC?" Kisha usitegemee jibu lake, ipime.

Dakika 10 dukani

Nenda na simu yako, tishu na spiriti kidogo. Duka zuri lina spika za kujaribia. Zifute kabla ya kuvaa, maana zimeshapita kwenye masikio ya watu.

*Anza na kipira.* Boksi nyingi huja na vipira vya saizi tatu. Vaa vya kati, kisha fungua mdomo, tafuna hewa, tikisa kichwa. Spika ikilegea au besi ikipotea, badilisha saizi. Si ajabu sikio la kulia likataka saizi moja na la kushoto nyingine. Usipuuze hatua hii: kuzima kelele kwenye spika isiyoziba ni kama chandarua chenye tundu. Spika zisizo na vipira kabisa, zile zinazokaa tu mlangoni mwa sikio, huweza kuwa na ANC, lakini usitarajie makubwa.

*Sikiliza kimya.* Simama karibu na feni, kiyoyozi au jenereta la nje. Usiweke wimbo. Washa ANC, hesabu hadi kumi, zima, washa tena. Ni muhimu spika ziwe masikioni muda wote huo, ili ulinganishe ANC na kuzibwa masikio, badala ya ANC na masikio matupu. Kama mvumo haubadiliki unapowasha na kuzima, basi unauziwa kipira. Sikiliza pia kama spika zenyewe zinatoa "ssss" ya chinichini. Halafu uliza masikio yako: baadhi ya watu huhisi shinikizo, kama wanapanda mlima Kitonga ndani ya basi. Ukilihisi hapo dukani, utalihisi zaidi baada ya saa mbili.

*Pima upepo.* Geuza uso kwenye feni iliyo kasi. Upepo ukigonga maikrofoni za nje, spika nyingi huanza kuvuma zenyewe. Anayetembea ufukweni au anayekaa dirishani kwenye daladala ajue hilo mapema.

*Piga simu halisi.* Toka hadi mlangoni, mpigie mtu wa nyumbani, ongea dakika moja huku pikipiki zikipita. Usimuulize kama anakusikia, maana atasema ndiyo. Msomee namba nane za kubuni, akurudishie.

*Tazama midomo.* Fungua video ya mtu anayezungumza. Sauti ikichelewa nyuma ya midomo, michezo ya simu itakuudhi. Ikilingana, bado jaribu na mchezo wenyewe, kwa sababu programu nyingi za video huichelewesha picha ili ilingane na sauti.

*Tumia simu yako, si ya muuzaji.* Kuna mambo yanayolipiwa na hayatumiki. Mfumo wa LDAC wa Sony, kwa mfano, hutangazwa kama sauti bora, lakini iPhone haiutumii. Kama unafanya kazi kwa simu na kompyuta, unganisha spika na vyote viwili kwa pamoja uone kama zinahama zenyewe simu inapoita.

Betri ndiyo huwezi kuipima dukani. Soma boksi kwa makini: "saa 30" mara nyingi ni jumla ya chaji ya spika na ya kikasha chake, tena ANC ikiwa imezimwa. Ukitaka kujua zitadumu muda gani masikioni, tafuta mstari mdogo unaotaja saa za matumizi mfululizo ANC ikiwa imewashwa.

Faida inayosahaulika

Watu hununua ANC kwa starehe, lakini ina faida ya afya. Kwenye kelele, mtu hupandisha muziki ili uzidi injini. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi saa 40 kwa wiki kwenye kiwango cha desibeli 80. Ukifika desibeli 90, muda huo unashuka hadi saa 4 kwa wiki. Mngurumo ukiondoka, sauti ya chini inatosha. Jipime mwenyewe: baada ya siku kadhaa, kama bado unaipandisha ile ile, hujapata faida uliyoilipia.

Barabarani, ANC izimwe. Washa hali ya kupitisha sauti za nje au vaa sikio moja. Juu ya bodaboda, zivue kabisa.

Kanuni ile ile, vifaa vingine

*Pawabenki: ipime uzito.* Unalipia umeme uliomo ndani, na umeme wa betri una uzito. Seli ya duara inayotumika kwenye pawabenki nyingi, ile ya 18650, ina gramu 45 hivi, na zilizo bora hubeba takribani mAh 3,500. Pawabenki ya mAh 20,000 inahitaji seli sita, yaani karibu gramu 270 kabla hujaongeza plastiki na bodi. Zile bapa hazitofautiani sana. Kwa hiyo ikiandikwa 20,000 na mizani ya duka la nafaka la jirani ikasoma gramu 180, rudisha. Usitarajie pia kupata yote yaliyoandikwa: ya mAh 10,000 hukupa simuni 6,000 na ushee, kwa sababu umeme hupandishwa kutoka volti 3.7 hadi 5 na mwingine hupotea njiani kama joto. Msafiri wa ndege aangalie alama ya Wh. Kiwango kinachoruhusiwa kwa kawaida bila kibali ni 100, na pawabenki hupanda na wewe kwenye mkoba wa mkononi, haiingii kwenye begi la chini.

*Saa janja: ivishe chupa.* Hesabu mapigo yako mwenyewe kwa vidole viwili shingoni, dakika nzima, ulinganishe na saa ukiwa umekaa na tena baada ya kupanda ngazi. Kama inadai kupima presha, ifunge kwenye chupa ya maji ubonyeze kipimo. Ikikusomea 118 kwa 76, chupa hiyo ina afya njema kuliko wengi wetu, na saa hiyo haifai. Inayodai kupima sukari bila kutoboa ngozi usiinunue kwa sababu hiyo. Februari 2024, FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilionya kuwa haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayopima sukari yenyewe kwa njia hiyo. Mgonjwa anayepanga dozi ya insulini kwa namba za kubuni anahatarisha maisha yake.

*Spika ya Bluetooth: itoe nje.* Kuta na kabati za duka huongeza besi. Iweke kwenye ngazi za mlangoni, pandisha hadi mwisho, sikiliza kama inakwaruza. Alama ya IPX4 ni ya matone na jasho. IPX7 huvumilia kuzama hadi mita moja kwa nusu saa, lakini kwenye maji yasiyo na chumvi. Chumvi ya Coco Beach haimo kwenye kipimo hicho.

*Memori kadi na flashi: ijaze.* Kadi feki husoma GB 256 kwenye simu huku ndani mkiwa na sehemu ndogo tu ya nafasi hiyo. Inapokea mafaili bila kulalamika na kuyapoteza kimya kimya. Siku ile ile ya kununua, ijaze mpaka mwisho, kisha fungua mafaili ya mwanzo na ya mwisho. Wenye kompyuta watumie programu za bure H2testw au F3, zinazoandika na kusoma kadi nzima.

Kabla hujaondoka na mfuko

Kwenye maduka mengi "mali ikishauzwa hairudishwi" imebandikwa ukutani, kwa hiyo mapatano yafanyike kabla ya kulipa. Uliza: nikikuta kasoro, nina siku ngapi, na nitabadilishiwa au nitatengenezewa? Jibu liandikwe kwa kalamu nyuma ya risiti ya EFD, pamoja na jina kamili la kifaa na namba yake iliyo kwenye boksi. Fungua boksi lako mbele ya muuzaji, maana spika za kujaribia zinaweza kuwa nzima na zako zikawa mbovu upande mmoja.

Siku zile ulizopewa zitumie kwa fujo. Vaa spika kwenye safari yako mbaya kuliko zote, chaji mpaka ijae na tumia mpaka iishe, pokea simu ofisini na sokoni. Kifaa kibovu mara nyingi hujitambulisha wiki ya kwanza, ukikisumbua.

Na kama umezima wimbo, umesimama mbele ya feni, umewasha ANC na kuizima, na hujaona tofauti ya maana, usione haya kurudisha boksi juu ya kaunta. Nunua spika za kawaida zenye vipira vinavyokukaa sawasawa. Zitazuia konda na majirani karibu kwa kiwango kile kile, na chenji itabaki mfukoni.