SOMO LA USALAMA: FYUZI HULINDA WAYA, HAILINDI MTU



Somo letu la leo linahusu kutumia mashine ya umeme yenye waya nje ya jengo. Hapa Muhuta, kuanzia Gitaza hadi Magara, ardhi tambarare ni ukanda mwembamba kati ya ziwa na milima. Mvua ikinyesha, maji ya mlimani hupitia kwetu. Basi fundi anayekata chuma nje ya kinu cha mawese, au anayeranda mbao za mtumbwi ufukweni, mara nyingi husimama juu ya udongo uliolowa. Hapo ndipo hatari ilipo.

Wengi wetu husema: "Hakuna neno, fyuzi ipo." Tufanye hesabu. Umeme wetu ni wa volti 220. Mashine ya wati 2,200 huvuta ampea 10, kwa hiyo fyuzi yake lazima iruhusu ampea 10 bila kukatika. Lakini miliampea 30 tu zikipita kifuani zinaweza kukaza misuli ya pumzi, na zikizidi hapo moyo unaweza kusimama. Ampea 10 ni miliampea 10,000, yaani zaidi ya mara 300. Fyuzi iliwekwa ili waya usiungue. Mtu atakufa, nayo itabaki nzima.

Kinachomlinda mtu ni swichi ya usalama yenye alama ya 30 mA. Hiyo hupima umeme unaokwenda na unaorudi. Ukipungua, maana yake unavuja mahali pengine, labda mwilini mwa mtu, nayo hukata mara moja. Ina kitufe chenye herufi T. Kibonyeze kila siku kabla ya kazi. Isipokata, usianze.

Kisha tufuate kanuni hizi:

1. Kagua waya wa kurefushia (ralonji) wote, toka mwanzo hadi mwisho. Jua, mafuta na kukanyagwa huharibu ganda lake. Waya uliopasuka usifungwe kwa nailoni, uondolewe.

2. Ncha ya chuma inayochomoza ndani ya soketi ni ya waya wa ardhi. Ralonji isiyo na ncha hiyo huikatia mashine kinga. Ni mashine yenye alama ya mraba ndani ya mraba tu isiyohitaji waya wa ardhi.

3. Kunjua ralonji yote. Ikibaki imeviringwa hupata moto.

4. Kiungio kisilale chini penye maji, kitundike. Waya uwe nyuma yako, mbali na diski.

5. Mashine ikikwama, usitie mkono. Zima, chomoa plagi, ngoja isimame kabisa, ndipo utoe uchafu kwa kijiti.

6. Mvua ikianza, kazi isimame. Shika plagi yenyewe kwa mkono mkavu, usivute waya.

Mwenzako akinaswa, usimguse. Kata umeme kwanza. Ikishindikana, simama pakavu umsukume mbali na waya kwa mti mkavu. Asipopumua, mkandamize katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku wengine wakitafuta gari la kwenda hospitali.

Je, nani anunue swichi hiyo? Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema katika kifungu cha 21 kwamba hatua za usalama zisimgharimu mfanyakazi. Kifungu cha 13 kinataka alindwe mfanyakazi aliyeacha kazi kwa sababu nzuri ya kuona maisha yake yamo hatarini. Huo ndio msingi wetu wa kuzungumza na mwajiri. Tuende pamoja, maana anayekwenda peke yake huitwa mvivu.

Maswali ya kujadili:

1. Kwa nini fyuzi haiwezi kumwokoa mtu?

2. Kazini kwetu, swichi ya 30 mA ipo? Nani aliibonyeza mara ya mwisho?

3. Ni ralonji ngapi zinazofaa kuondolewa kesho asubuhi?