Kona ya Dada: Babu Aliyefyeka Pori Alitoka Wapi?

Wadogo zangu wa Tunduma, Vwawa, Mlowo, Itumba na Mkwajuni, leo najibu swali la mdogo wetu mmoja wa kule Mpemba, na najua wengi wenu mnalo. Kwao wanasema babu wa babu yake ndiye aliyefika wa kwanza, akafyeka pori na kujenga. Alitoka wapi, hakuna anayejua, na nusu ya ukoo iko ng'ambo ya mpaka, Nakonde, upande wa Zambia. Anauliza aanzie wapi.

Mdogo wangu, huyo babu mwache kwanza. Anza na wewe mwenyewe. Andika jina lako, la mama na la baba, walizaliwa wapi, waliozikwa walizikwa wapi. Kisha wazazi wao, mmoja baada ya mwingine. Wengi huruka moja kwa moja hadi kwa shujaa wa ukoo, wakabaki na jina kubwa wasilo na ushahidi wowote kuwa linawahusu.

Halafu nenda kwa shangazi. Baba wakubwa watakupa majina ya waliotawala na kesi za mashamba. Shangazi na bibi ndio wanaojua nani alimfuata nani, nani alifariki mchanga, nani aliolewa ng'ambo na nani alilelewa na mama mdogo. Ila usimuulize fulani alizaliwa mwaka gani, atakujibu "zamani" na mazungumzo yataishia hapo. Muulize hivi: "Shangazi, Wachina walipokuwa wanatandika reli, nani alikuwa mgongoni kwako?" Hapo umeshapata kati ya 1970 na 1975. "Wakati wa Operesheni Vijiji tulihamishwa kutoka wapi?" Hapo ni katikati ya miaka ya sabini, na utajua mahame yenu yako wapi, maana makaburi ya wazee hayakuhamishwa pamoja na watu. Kwa waliotangulia, uliza ukoo unasimulia nini kuhusu vita ya Mjerumani. Jeshi la Kijerumani la Lettow-Vorbeck lilishambulia Fife, jirani kabisa na hapa, mwanzoni mwa Novemba 1918, na wanaume wengi wa ukanda huu walichukuliwa kubeba mizigo. Kama babu alikuwa mpagazi, tayari alikuwa mtu mzima.

Washa simu umrekodi, kwa ruhusa yake, na bado uandike kwenye daftari. Simu zinaibiwa.

Kuna jambo linalowapoteza wengi kwenye majina ya Kinyamwanga. Kaka akiwa Simbeye, dada yake ni Nambeye. Ni ukoo ule ule. Ukitafuta kwenye rejista kwa Si- peke yake, umewaacha nje wanawake wote wa ukoo wako, kisha utasema bibi yako hakuandikwa popote.

Sasa tuje kwenye mpaka. Waingereza na Wajerumani walikubaliana tarehe 1 Julai 1890 kugawana nchi hii, na mstari ukachorwa ili ile barabara ya Stevenson, iliyokuwa ikiunganisha Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, ibaki upande wa Mwingereza. Wapimaji walikuja 1898. Wanyamwanga hawakuulizwa, wakajikuta wako pande zote mbili. Kwa hiyo babu yako huenda hakuhama kutoka nchi nyingine hata kidogo. Huenda alitembea kutwa moja tu kwenda kulima penye rutuba, na mstari ukaja baadaye. Vuka Nakonde ukaulize, lakini pita pale kwenye kituo cha pamoja cha mpakani ugongewe muhuri. Njia za panya zitakuletea matatizo bure.

Ukiwa ng'ambo, fika Mwenzo. Misheni ile ya Waskoti ilianza katikati ya miaka ya 1890, na kabla ya huo mstari kupimwa ilikuwa jirani tu. Donald Siwale alifundisha pale, na David Kaunda, baba yake rais wa zamani wa Zambia, Kenneth Kaunda, naye alipita hapo kabla ya kwenda misheni ya Lubwa. Watu walioijua kalamu mapema kiasi hicho wameacha maandishi.

Upande wetu, walioandika sana ni Wamoravian. Walifungua misheni ya Mbozi mwaka 1899. Hawa watu wana desturi ya tangu karne ya 18 ya kuandika habari za maisha ya waumini wao. Huko Marekani walianzisha mji wa Bethlehem, Pennsylvania, mwaka 1741, wakati eneo hilo lilikuwa bado pembezoni mwa makazi ya wazungu, na mpaka leo Wamarekani wanaotafuta babu zao walowezi wa mwanzo hufungua nyaraka zilizotunzwa pale. Kanisa hilo hilo lilikuja Mbozi na kalamu hiyo hiyo. Kama wazee wenu walibatizwa, nenda ofisi ya kanisa kwa adabu, na barua ya utambulisho mkononi, uombe kuangalia rejista ya ubatizo. Nyaraka za makao makuu ziko Herrnhut, Ujerumani. Vitabu vya wilaya vya wakoloni utavikuta Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, na vya upande wa pili viko Lusaka, ila visome ukijua kuwa maofisa wale mara nyingi waliuliza machifu, na chifu husimulia habari za nyumba yake.

Naomba hapa mnisikilize kwa makini. Unaweza kufika mahali wazee wakanyamaza. Mara nyingi kuna bibi aliyetekwa, au aliyetolewa rehani kulipa deni la ukoo, au aliyekombolewa akaolewa pasipo ndugu. Mwishoni mwa karne ya 19 haya yalikuwa mengi kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Elise Kootz-Kretschmer, mmisionari wa Kimoravian, aliandika simulizi za wanawake hao, akiwemo Narwimba, na mwaka 1993 mwanahistoria Marcia Wright alizitoa tena kitabuni. Bibi huyo si aibu yako. Alipoteza kila mtu na bado akalea watoto ambao ndio nyinyi. Mwandike kwenye daftari kama wengine, lakini usimlazimishe mzee kusema mbele za watu. Rudi siku nyingine, mkiwa wawili.

Na kuhusu babu kufika "wa kwanza": Ivuna, wilayani Momba, watu walikuwa wakichemsha chumvi tangu karne ya 13. Babu yako anaweza kuwa wa kwanza wa ukoo wenu pale, na hiyo ni heshima ya kutosha. Usiibebe historia ya ukoo kwenda nayo baraza la ardhi kumtoa jirani shambani. Ukifanya hivyo, hakuna mzee atakayekufungulia mdomo tena.

Mahindi yakishavunwa, nafasi ipo. Shangazi yako wa Nakonde ana umri gani sasa? Mpigie simu wiki hii umwambie unakwenda, na umbebee sukari.