Elimu kwa Umma: Kufunga Rimu za Aloi kwa Usalama

Magari madogo yaliyotumika kutoka Japani ni sehemu ya maisha ya kila siku katika kata zetu. Hubeba abiria, wagonjwa, wanafunzi na mazao. Wamiliki wengi huyapamba kwa rimu za aloi, zile ziitwazo mitaani spoti rimu, ambazo mara nyingi nazo huuzwa zikiwa zimekwisha kutumika. Urembo huo si kosa. Lakini gurudumu likichomoka gari likiwa mwendoni, dereva hupoteza uwezo wa kuliongoza gari, na gurudumu lenyewe huweza kumgonga mtu anayetembea kando ya barabara. Somo hili linaeleza kinacholishikilia gurudumu, vipimo vinavyopaswa kulingana, na namna ya kukaza nati.

Kinacholishikilia gurudumu

Wengi hudhani kwamba rimu huning'inia juu ya stadi, yaani zile bolti zilizochomoza kwenye habu. Sivyo. Nati zinapokazwa, stadi huvutika kidogo sana na kuibana rimu kwenye uso wa habu. Msuguano wa nyuso hizo mbili ndio unaobeba uzito wa gari na nguvu ya breki. Mbano ukipungua, rimu huanza kucheza, stadi hupinda huku na huku katika kila mzunguko, na hatimaye hukatika. Kwa hiyo kutu, tope lililoganda au rangi nene kati ya rimu na habu ni hatari, kwa kuwa hupondeka baada ya safari chache na kuziacha nati zikiwa zimelegea.

Vipimo vinavyopaswa kulingana

Kwanza, duara la matundu ya nati. Alama 5x114.3 maana yake ni matundu 5 yaliyo kwenye duara la kipenyo cha milimita 114.3. Rimu ya matundu 4 hupimwa kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya tundu linalolielekea. Kwa matundu 5, pima kati ya matundu mawili jirani: milimita 58.8 ni rimu ya 5x100, na milimita 67.2 ni ya 5x114.3. Rimu ya 5x112 huweza kuonekana kama inaingia kwenye gari la 5x114.3, lakini nati hukaa upande na haziwezi kubana sawasawa.

Pili, tundu la kati. Likiwa dogo kuliko kitovu cha habu, rimu haikai kabisa. Likiwa kubwa, tumia pete maalumu ya kuziba nafasi, ili rimu ikae katikati na gari lisitetemeke.

Tatu, kina cha rimu, kinachoandikwa kwa herufi ET. Rimu ya ET30 ikichukua nafasi ya ET45 yenye upana uleule, gurudumu hutoka nje kwa milimita 15 zaidi. Beringi huelemewa, na tairi huweza kugusa bodi gari likijaa abiria.

Nne, tairi. Gari lililotengenezwa kwa tairi la 185/65R14 lina gurudumu la kipenyo cha milimita 596. Ukihamia rimu ya inchi 15, tairi la 195/55R15 hutoa kipenyo kilekile kwa karibu. Tairi la 195/65R15 hutoa milimita 634, hivyo kipima mwendo kilichokuwa sahihi kitaonyesha kilomita 50 kwa saa ilhali gari liko kwenye 53, zaidi ya mwendo unaoruhusiwa katika maeneo ya makazi. Angalia pia namba ya uzito: 82 ni kilo 475 kwa tairi moja, na 91 ni kilo 615. Isiwe chini ya ile iliyowekwa na mtengenezaji wa gari.

Tano, umbo la nati. Rimu nyingi za aloi za asili za Toyota hutumia nati zenye shingo na washa bapa, ilhali rimu nyingi za kununua dukani huhitaji nati zenye ncha ya pia. Nati bapa kwenye tundu la umbo la pia hugusa ukingo tu, na haiwezi kukaa imara. Nati za asili zihifadhiwe garini, kwani huenda tairi la akiba likazihitaji.

Namna ya kukaza

Safisha uso wa habu kwa brashi ya waya. Usipake grisi kwenye stadi, kwa maana huifanya nati ivute kupita kiasi. Anza kila nati kwa vidole. Kwa stadi ya milimita 12 yenye hatua ya uzi ya milimita 1.5, nati izunguke walau mara 8 kabla ya kukaza. Kisha kaza kwa kuruka kutoka upande mmoja hadi mwingine, usifuate mduara. Teremsha gari ndipo umalizie.

Kwa magari mengi madogo ya Toyota kiwango ni Nyutoni mita 103, na spana ya torki ndiyo hukipima kwa uhakika. Fundi wa kilo 70 akisimama mwishoni mwa spana ya sentimita 40 huweka takribani Nyutoni mita 275, zaidi ya mara mbili na nusu ya kiwango hicho. Stadi iliyovutwa hivyo huweza kukatika siku nyingine, bila onyo.

Baada ya kilomita 50 hadi 100, kagua nati tena. Hatua hii husahaulika kuliko zote, nayo ndiyo hugundua kulegea mapema.

Kabla ya kununua

Osha rimu iliyotumika na uichunguze upande wa ndani, mahali nyufa hujificha. Iliyochomelewa ufa isinunuliwe. Zingatia pia barabara zetu za changarawe: kadiri rimu inavyokuwa kubwa ndivyo ukuta wa tairi unavyopungua, na shimo ambalo tairi nene lingelistahimili huweza kuipasua rimu. Mwenye kubeba abiria kila siku atafaidika zaidi na rimu ya ukubwa wa asili iliyofungwa kwa usahihi.