Dondoo muhimu: Kubadili kipoozi cha kadi ya michoro

Kipoozi kipya hupunguza joto na kelele, ila kadi ikifa, mara nyingi hufia mezani, mkononi mwa fundi.

• Pima kwanza umbali wa matundu ya skrubu kuzunguka chipu, na nafasi iliyopo ndani ya kasha.
• Chomoa waya wa umeme, kisha gusa chuma cha kasha kabla ya kushika kadi.
• Usivute kipoozi cha zamani kwa nguvu; kizungushe taratibu, na ukumbuke waya wa feni bado umeshikwa kwenye ubao.
• Safisha chipu kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Petroli hapana.
• Paka pesti mpya ya kupitisha joto ifunike uso wote wa chipu, nyembamba tu.
• Pesti ya metali ya kimiminika iache dukani: ina gali, inayokula alumini, na ikimwagika huleta shoti.
• Hapa ndipo wengi hukosea: pedi za kupitisha joto za chipu za kumbukumbu. Zikizidi unene, hata kwa nusu milimita, kipoozi hakiigusi chipu kuu. Zikipungua, kumbukumbu huungua kimyakimya. Pima za zamani kabla ya kuzitupa.
• Kaza skrubu kwa mshazari, robo mzunguko kila moja. Kona za chipu hupasuka upesi.
• Washa, hakikisha feni zinazunguka, kisha fuatilia joto. Likipanda ghafla kupita nyuzi 90, zima na ufungue upya.