Alama 58 iliyonipa A, na 86 iliyonipa C

Muhula umeanza, wageni tunao, na swali ni lile lile nililouliza mimi nilipofika hapa Marekani: "Kaka, nimepata 58. Ndiyo nimefeli?" Nimeshalijibu mara nyingi kwenye simu mpaka nikaona heri niliandike.

Sisi tuliosoma Mlimani tumezoea gredi zilizopigiliwa misumari. A inaanzia 70, B+ inaanzia 60, B 50, C 40. Ukishuka chini ya hapo unaitafuta sapu, na mambo yakizidi unadisko. Darasa zima likipata 75, basi darasa zima lina A, na hakuna wa kulalamika. Hapa, katika masomo mengi ya uhandisi na sayansi, profesa anangoja kwanza alama zote, anatafuta wastani, anaangalia zimetawanyika vipi, ndipo anaamua A ikatwe wapi. Wenyewe wanaita "curve". Sisi kwa matamshi yetu tunasema kavu, na kwa kweli inakausha koo.

Nitatoa mfano wangu mwenyewe. Mtihani wangu wa kwanza nilipata 58. Nililala na viatu siku hiyo. Kumbe wastani wa darasa ulikuwa 41, na mtawanyiko (yaani umbali ambao alama nyingi zinakaa kutoka kwenye wastani) ulikuwa 14. Toa 41 kwenye 58 unabaki na 17, gawanya kwa 14 unapata kama 1.2. Maana yake nimepanda juu ya wastani hatua moja na zaidi kidogo, nikapewa A. Muhula wa pili, somo jingine, nikapata 86, nikapiga simu nyumbani kabisa kumwambia mama. Wastani ulikuwa 91, mtawanyiko 4. Nilikuwa chini ya wastani kwa hatua 1.25. Nikapewa C+. Kwa mwanafunzi wa shahada ya pili, aliyetakiwa kutoshuka chini ya wastani wa B, hiyo ilikuja na barua ya onyo.

Kwa hiyo gredi ya namna hii inakwambia umesimama wapi kwenye foleni. Haikwambii unajua nini. Wanafunzi wa Johns Hopkins walilionyesha hilo vizuri mwaka 2012. Mhadhiri wao wa kompyuta alikuwa na kanuni kwamba alama ya juu kabisa darasani ndiyo inahesabiwa asilimia 100. Wakakubaliana wote wasifanye mtihani wa mwisho. Alama ya juu ikawa sifuri, wote wakapata A! Mhadhiri alitimiza ahadi, kisha akaibadilisha kanuni yake. Princeton nao mwaka 2004 waliweka lengo kwamba gredi za A zisizidi asilimia 35, na mwaka 2014 wakaliacha, baada ya kuona wanafunzi wanalichukulia kama mgawo wa viti na linawaongezea hofu.

Msidhani ni mambo ya Wamarekani peke yao. Waliokuwa Tanzania wanakumbuka matokeo ya kidato cha nne ya 2012, ambapo takriban asilimia 60 ya watahiniwa walipata sifuri. Mwaka 2013 serikali iliyafuta, ikaagiza yapangwe upya, kwa hoja kwamba safari ile vilitumika viwango visivyobadilika badala ya utaratibu wa miaka ya nyuma wa kuvirekebisha. Karatasi za mtihani zilikuwa zile zile, lakini wako waliopanda.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Kwenye somo lile la C+ tulikuwa 24, na Waafrika wawili tu: mimi na ndugu mmoja Mkenya. Mimi nilikuwa na madesa, mitihani ya miaka ya nyuma niliyoachiwa na mwenzetu aliyemaliza. Jamaa akaniuliza kwa adabu, "Ndugu, una karatasi zozote za zamani?" Nikamwambia sina. Zilikuwa kwenye begi langu, futi mbili kutoka alipokaa. Nilijiambia akipanda yeye nashuka mimi.

Baadaye nilipiga hesabu ambayo ningeipiga siku ile. Kama karatasi zile zingempandisha alama 12, wastani wa darasa la watu 24 ungepanda nusu alama tu. Na angenipita, ningeshuka nafasi moja. Basi. Kumbe yeye alikuwa mkali wa hesabu, na swali lililoniangusha mimi lilikuwa la hesabu tupu. Tungekaa meza moja tungepanda wote. Badala yake gredi yake ikawa chini kuliko yangu, kazi ya kufundisha iliyokuwa inamlipia ada ikakatwa, na muhula uliofuata hakurudi. Sikuwahi kumwambia.

Kwa wageni, machache ya kushika. Ukirudishiwa mtihani, usitoke kabla hujaandika wastani na mtawanyiko pembeni ya alama yako. Profesa asipotaja, muulize, hawaoni vibaya. Soma silabasi uone kama gredi ni za kudumu au za kulinganisha, maana wengine wanaahidi kwamba 90 ni A hata iweje, na hapo hofu yote haina kazi. Ukiona umezama, angalia tarehe ya mwisho ya kuacha somo, ila wenye viza ya F-1 jamani msiache kimya kimya: shahada ya kwanza inadai angalau krediti 12 kwa muhula, na kushuka chini ya hapo bila idhini ya ofisi ya wanafunzi wa kigeni kunaweza kukupotezea hadhi ya viza. Anza ofisini.

Karatasi zangu zote, pamoja na zile, nimezitoa kopi. Ziko kwenye kabati la chumba cha jumuiya, rafu ya chini, bahasha ya kaki. Halina kufuli.